Kibao Kilichomrudisha Binti Yangu Mara Nne

Ndugu Mganga Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na utumbo wako umetulia. Silisemi hilo kwa adabu tu. Nimejifunza hospitalini kwako kwamba utumbo wenye akili huchagua wakati wa kuugua, na hujihadhari sana usiugue ukiwa jirani na mtoto.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha miaka thelathini na minne, kisha nikatumikia kamati yenu ya ushauri kwa miaka miwili, kwa hiyo nalalamika kama mtu wa nyumbani. Nitaeleza polepole, maana nimeona kwamba hapa kwenu jambo likielezwa haraka hupotea kati ya dirisha na dirisha.

Binti yangu ana mimba ya miezi sita. Ana pia ugonjwa wa utumbo mpana, ule unaoufanya uvimbe na kutoka vidonda, na ameishi nao tangu alipokuwa chuoni. Ulikuwa umelala. Wiki tano zilizopita uliamka. Anakwenda chooni mara kumi kwa siku, anatoka damu, na badala ya kuongezeka uzito amepungua kilo nne. Daktari wake wa matumbo, mama asiyependa maneno mengi, alituambia hivi: "Dawa zipo, na nyingi hazimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni huu moto ukiachwa uwake. Lakini mimi sirushi mawe gizani. Nataka nione umefika wapi." Akaandika karatasi ya kupigwa picha ya utumbo. Karatasi hiyo imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika, nami nimeiunga kwa selotepu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlangoni pa idara yenu ya picha pana kibao cheupe chenye herufi nyekundu: UKIWA MJAMZITO, MWAMBIE MPOKEZI KABLA YA KUINGIA. Kosa la kwanza ni langu, maana nilimlea binti huyu kusoma vibao na kuvitii. Alisoma, akamwambia mpokezi. Mpokezi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akamjibu kwa huruma, "Pole, mwanangu. Rudi ukishajifungua." Binti akauliza kibao kinasema hivyo wapi. Mpokezi akasema, "Sasa kama unaruhusiwa kuingia, kingekutaka useme kwa nini?" Nimefundisha watu wengi wasioweza kufikiri hivyo, na baadhi yao leo ni wakubwa.

2. Tumerudishwa mara nne. Mara ya tatu, mwanamke tuliyekaa naye kwenye benchi, fundi cherehani, alimnong'oneza binti: "Shoga, njoo nikushonee gauni pana, uingie kimya." Binti akakataa. Wahenga walituambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakutuambia kama ni mpenzi wa mpokezi. Nawapongeza kwa utaratibu ambao mkweli hurudi nyumbani na mwongo hupanda kitandani akapimwa. Laiti ningeujua mapema, ningefupisha sana masomo yangu ya uraia.

3. Kliniki ya matumbo inasema tumbo hili lina mtoto, lipelekwe kwa wazazi. Kliniki ya wazazi inasema tumbo hili lina utumbo, lirudishwe kwa matumbo. Kati ya kliniki hizo mbili kuna ngazi thelathini na moja. Nimezihesabu, na binti amezihesabu vizuri zaidi, kwa sababu choo kiko chini.

Kwa haki, nakiri kwamba kliniki ya wazazi ilimpiga ultrasaundi. Mkunga alipaka ile jeli ya baridi, tukamwona mjukuu wangu ananyonya kidole. Nikaomba kwa upole, kwa kuwa kifaa kiko tayari tumboni, kisogezwe vidole vinne kushoto kiutazame na utumbo. "Mzee wangu," akasema, "fomu imeandikwa mtoto." Akanieleza pia kwamba kuutazama utumbo kwa kifaa kile kunataka mtu aliyesomea. Hilo nalikubali kabisa. Nikauliza aliyesomea yuko wapi. Yuko idara ya picha, nyuma ya kibao.

4. Mjukuu wangu hana kadi. Kama kisa cha kumrudisha mama ni yeye, basi haki yake ni kuandikishwa, apewe namba, aitwe dirishani na aombwe kutoka nje kwa nusu saa picha ipigwe. Akikataa, na aandike sababu. Niko tayari kumshika wakati huo, na nina kofia ya sufu aliyofuma bibi yake.

5. Mara ya nne, Jumanne, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Niliposimama kumshika binti mkono, nikaanguka. Ndugu Mganga Mkuu, sijawahi kuhudumiwa hivyo maishani. Machela ilikuja. Mlango ulifunguliwa. Mpokezi aliniuliza kama ni mjamzito, akajicheka mwenyewe, na kabla ya saa moja kwisha kichwa changu kilikuwa kimepigwa picha na ile mashine kubwa ya mionzi inayozunguka. Majibu: hakuna kilichoonekana kichwani. Mke wangu amesema kwa hilo hapakuhitajika mashine.

Kwa hiyo familia yetu sasa inayo picha nzuri sana, ya mtu asiyeumwa. Nimeipeleka kwa daktari wa matumbo, nikamwomba aitumie, maana binti ni damu yangu. Aliitazama kwenye mwanga, akanirudishia. "Mwalimu," akasema, "siku zinakwenda." Nilimwelewa. Nimekuwa nikifanya mzaha katika barua hii kwa sababu mzee akiacha mzaha mbele ya binti yake, binti hujua.

Maombi yangu si mengi. Kibao king'olewe. Na huyo aliyekiandika atafutwe, kwa jina na cheo, akalishwe kwenye benchi la tatu, lile lenye mguu mfupi, siku nne bila chai, aone wanawake wakisoma alichoandika kisha wakigeuka kwenda zao. Mtu anayeandika agizo bila kumwambia msomaji nini kitafuata hajaandika. Amefunga mlango akaondoka na ufunguo. Mwanafunzi wa darasa la nne ningemrudishia daftari.

Wasalimie wauguzi wa zamu, mlinzi wa lango anayenihifadhia mwavuli, na mpokezi wangu, ambaye sasa tunajuliana hali hadi za wajukuu. Nyumbani kwako pia.

Wako katika kusubiri,
Mwalimu mstaafu, baba wa mgonjwa,
Benchi la tatu.

Nyongeza: Barua hii niliipeleka leo asubuhi kwa mpokezi ili ikufikie. Mkuu wa idara ya picha alikuwa amesimama pale, akaisoma papo hapo hadi mwisho. Akamgeukia mpokezi: "Nani kakwambia uwarudishe? Ile mashine ya sumaku haina mionzi. Wajawazito tunawapima, tena bila ile sindano ya kung'arisha picha." Mpokezi akaonyesha kibao kwa kidole. Mkuu akasema kibao kilikuwa na sentensi mbili, akatoa faili la kamati ya ushauri kututhibitishia.

Rasimu ilikuwamo, ya miaka sita iliyopita. Sentensi ya pili imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Maneno mengi. Msomaji ataelewa." Mwandiko naujua. Siku hiyo nilipewa vibao kumi na tisa kuvisahihisha, nikavimaliza kabla ya chakula cha mchana, na nakumbuka nilisifiwa.

Naomba, basi, barua hii uichukulie kuwa imeandikwa kwangu, na maombi yote yabaki kama yalivyo. Adhabu nimeshaianza. Ni saa nne, niko kwenye benchi la tatu bila chai, na viatu vya binti yangu viko mapajani mwangu, kwa sababu yeye ameingia ndani. Ile picha ya kichwa changu ilisema kweli.

Sentensi niliyoikata ni hii, irudisheni ilivyo, hata kama ni ndefu: "Usiondoke, hutarudishwa, utaonyeshwa kipimo kinachokufaa wewe na mtoto."