Robo ya Nane

Jumatatu, 12 Novemba 1923
Juzi, kwenye futiboli yetu ya Kimarekani, tumefungwa 41 kwa bila. Siku njema sana! Kocha Rusk alipoona mambo yamekwisha alinitupa uwanjani robo ya mwisho, nikakanyagwa dakika kumi na tano kamili. Hiyo ni robo yangu ya saba msimu huu. Chuo chetu cha Tillotson humpa sweta lenye herufi T mchezaji aliyecheza robo nane. Imebaki moja, na mechi mbili.

Sweta nalihitaji. Hapa ukipata sweta unamvika mpenzi wako, naye anapita nalo chuoni, mikono inaning'inia, watu wote wanajua ni wa nani. Verna Lindqvist, msichana ninayemtaka, nilimwambia tangu Septemba kwamba ninalo, ila liko kwa dobi. Leo ameuliza kama huyo dobi analifua kwa ulimi.

Kikwazo ni Otto Stroebel; yeye ni wa mwaka wa tatu, mimi wa mwaka wa mwisho. Nafasi yangu ndiyo yake. Hatoki uwanjani, haumii. Nasikia utotoni, shambani kwao, alikanyagwa na ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyechechemea.

Alhamisi, 15 Novemba
Nimepata akili! Stroebel ana udhaifu mmoja: pai ya boga. Nimemwagiza Bi. Oakes, mwenye nyumba wetu, aoke nne za Jumamosi asubuhi. Kauliza nani kafa. Nimemjibu bado.

Jumamosi, 17 Novemba
Stroebel alikula pai mbili na nusu kabla ya mechi. Akanishukuru, akaniita ndugu yake. Nikasubiri tumbo lifanye kazi. Robo ya kwanza, mzima. Robo ya pili alimbeba jamaa wa chuo cha Ostrander, wapinzani wetu, pamoja na mpira wake, akawatua wote wawili nje ya mstari. Kwa uchungu nikazimaliza pai zilizobaki mwenyewe, pale pale benchini, chini ya blanketi.

Robo ya tatu, dakika ya kwanza, soli ya kiatu cha Stroebel ikabanduka. Kocha akaniita: Pickerd! Akaita mara tatu. Pickerd alikuwa nyuma ya jukwaa, ameinama, anaagana na boga.

Stroebel akamaliza mechi kiatu kimefungwa kamba. Tumefungwa 20 kwa 6, hizo sita zikiwa zake. Kocha kamuuliza amekula nini leo. Sasa ni amri: timu nzima itakula pai kila mechi. Mbebaji ni mimi.

Jumatatu, 19 Novemba
Tumbo limetulia, akili imerudi. Kanuni ya chuo: anayefeli hachezi. Nimemwendea Profesa Ambler wa Kilatini, kofia mkononi, nikamweleza jinsi hali ya Kilatini miongoni mwa wanamichezo inavyoninyima usingizi. Sikumtaja mtu. Stroebel nilimtaja mara moja tu. Profesa alifuta miwani yake, akasema hakujua vijana wa namna yangu bado wapo. Atatoa mtihani wiki ijayo, siku mbili kabla ya mechi ya Sikukuu ya Shukrani. Nimetoka nikipiga mluzi.

Jumanne, 20 Novemba
Profesa ametangaza kwamba, ili asimwonee mtu, mtihani ni wa wachezaji wote. Nilicheka hadi Stroebel akanigonga mgongoni akitaka kujua kulikoni. Halafu nikakumbuka kuwa mimi pia ni mchezaji.

Kuna baya zaidi. Verna anajua Kilatini kuliko sisi wote, na amejitolea kumfundisha Stroebel. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema mwenye sweta tangu Septemba hana shida tena ya kucheza, amwachie mwenye shida.

Jibu lilikuwa kwa dobi.

Jumatano, 28 Novemba
Matokeo ya jana. Stroebel, 78. Mimi, 49. Profesa ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba sasa anaelewa kwa nini nilikosa usingizi. Kesho sichezi. Kocha amenikumbusha nisisahau pai.

Alhamisi, 29 Novemba, Sikukuu ya Shukrani
Baridi ya kukata masikio. Nimeketi jukwaani katikati ya Bi. Oakes na mpiga tarumbeta. Na leo, leo hii, tumewafunga chuo cha Breck 7 kwa 6! Ushindi wa kwanza msimu mzima. Nimeshangilia kama mtu aliyefiwa.

Robo ya mwisho ilipoanza, Kocha aligeukia benchi akawaita wa mwaka wa mwisho wote, mmoja mmoja. Hata Finch, ambaye miaka yote nilidhani ni mwandishi wa gazeti! Stroebel alikuwa ameshavua kofia ya ngozi anipishe. Akatazama benchini, akatazama jukwaani. Hakukuwa na wa kumpisha. Akaivaa tena.

Baada ya mechi nikamfuata Kocha, nikamuuliza ile ilikuwa nini. Akanikazia macho. "Ala! Robo ya mwisho ya Shukrani huwa ni ya wa mwaka wa mwisho, kila mwaka. Jina lako nilishaliandika tangu Oktoba. Miaka yote hiyo ulikuwa unatazama nini, kijana?"

Kila mwaka huwa natoka robo ya tatu ikiisha, niwahi foleni ya soseji.

Jumamosi, 1 Desemba
Masweta yamegawiwa. Finch hakupata, lakini kwa robo yake moja anatembea kifua mbele, hasalimiki. La Stroebel analo Verna. Linamfika magotini. Tumekutana mlangoni pa maktaba, akanisalimu vizuri, akauliza habari za dobi. Nikamwambia dobi ameungua, yeye na duka lake. Akasema nimpe pole.

Nimekaa chumbani mchana kutwa kujichunguza kwa unyofu kabisa. Kosa langu nimeliona.

Ni boga. Boga ni chakula chepesi, linamtia mtu nguvu. Pai ilitakiwa iwe ya nyama.

Besiboli nayo ina sweta la T, na msimu unaanza Aprili. Nafasi ninayoitaka anayo Hobart Quayle, mtu imara kama nguzo ya simu, lakini nimepeleleza: kwa pai ya nyama hajiwezi. Nimeshaongea na Bi. Oakes. Kauliza tena nani kafa.

Jioni nimepita kwa akina Verna, nikamwambia asijute sana. La besiboli ninalo tayari. Liko kwa dobi mwingine.