Gari la Mbio Lisiloruhusiwa Kukimbia

Kasikeu,
kupitia Sultan Hamud.
Agosti 1978.

Kwa Bwana Meneja,
Duka la Magari Mapya,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: MASHARTI MLIYOMPA MUME WANGU JUU YA INJINI CHANGA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeketi. Mimi ni Mutindi, mke wa Bwana Ndululu mwenye kinu cha kusaga mahindi hapa Kasikeu. Bila shaka unamkumbuka. Ndiye yule mzee mwenye kofia ya hudhurungi aliyekuja kwenu baada ya kahawa kupanda bei, akanunua lile gari jekundu la milango miwili. Kijana wenu mwenye tai ya kijani alimwambia lina nguvu za farasi wengi. Sisi huku tuna punda tu, kwa hivyo hatukuwa na la kulinganisha.

Sina malalamiko juu ya gari. Ni zuri, na ng'ombe wanaliogopa. Malalamiko yangu ni juu ya maneno. Mume wangu alipokuwa akipewa ufunguo, kijana wenu alimshika mkono akamwambia hivi: "Mzee, hii injini bado ni changa. Mpaka imalize maili elfu moja, usikanyage mafuta hadi chini, usiende mwendo mmoja muda mrefu, usibebe mzigo mzito, usifunge breki ghafla, na usiiache ingurume bure ikiwa imesimama."

Ni lazima ujue mliyemwambia ni nani. Ndululu alikuwa na pikapu kuukuu, na kuku wa kutoka hapa hadi Kathonzweni walikuwa wanaijua sauti yake. Mimi nilikuwa nikisafiri naye huku nikiomba macho wazi. Niliposikia amenunua gari la mbio, nilimwambia dada yangu ni blanketi gani achukue nikishazikwa. Badala yake yametupata yafuatayo, ambayo nayaorodhesha kwa unyenyekevu.

1. Mwendo. Siku ya kwanza alipolileta, watu walijipanga barabarani kuliona likipita. Walingoja mpaka wengine wakarudi shambani. Tulipofika kwenye mlima wa sokoni, Kiema alitukuta na mkokoteni wake wa ng'ombe. Akatupungia, akapita, kisha akasimamisha ng'ombe akarudi kwa miguu. "Mzee Ndululu, gari imeharibika? Nikuvute?" Mume wangu alimjibu kwa upole, "Hapana, mwanangu. Inajifunza." Mimi niliinama nikajifanya natafuta kiatu.

2. Kubadilisha mwendo. Tulialikwa kuimba Kathonzweni, akina mama wa kwaya. Ndululu akajitolea kutupeleka wachache, wembamba. Kwa kuwa aliambiwa asishike mwendo mmoja, alikuwa akienda haraka kidogo, halafu polepole, halafu haraka kidogo, kama mtu anayetwanga. Tulijaribu kufanya mazoezi ya wimbo humo ndani, na sauti ya kwanza ikaanza kutapika kabla ya ubeti wa pili. Tulipofika tuliimba tukiwa tumeshikana, na wenyeji wakasema tumejaa Roho.

3. Mzigo. Mama yangu mzazi alikuja kututembelea, na siku ya kurudi akaomba apelekwe hadi stendi. Bwana Meneja, mama yangu ni mwanamke mwenye mwili. Mume wangu alimtazama, akaitazama injini, kisha akamshika mkono kwa heshima zote na kumwongoza hadi kwenye kinu, akamsimamisha juu ya mizani ya magunia. Mbele ya wateja. Baadaye akasema mama anaweza kupanda, ila kikapu cha viazi kibaki. Mama hakupanda. Alikwenda kwa miguu na kikapu chake kichwani, na Ndululu akamfuata nyuma na gari tupu, kumsindikiza.

4. Kusimama. Huku kwetu salamu si neno moja. Unauliza habari za mtu, za watoto, za mbuzi, za mvua, kisha unarudia. Kwa kuwa injini haifai kunguruma bure, yeye sasa anasalimu akipita. Mtu anaulizwa habari ya mke na kujibu mgongo wa gari. Alitoa rambirambi kwa jirani aliyefiwa na ndugu, kupitia dirishani, bila kusimama, na jirani akalazimika kutembea kando ya gari ili afarijiwe hadi mwisho.

5. Kanisa. Pasta Muthama alipomwita kumwonya juu ya salamu hizo, pasta ndiye aliyetoka amekubaliana naye. Jumapili iliyofuata Ndululu alipewa nafasi kuwausia maarusi. Akasimama akawaambia wasikanyage hadi chini, wasishike mwendo mmoja, na wasifunge breki ghafla. Sitaki kueleza zaidi. Bwana harusi aliomba arudie.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mkwe wangu Kalondu, mke wa mwanangu Mbuvi, alishikwa na uchungu tulipokuwa tukitoka ibadani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na siku zake zilikuwa hazijafika. Pikapu ilikwisha kuuzwa. Gari lilikuwa hilo moja, na hospitali iko mbali. Tulimpitisha Kalondu nyuma kwa shida, maana gari la milango miwili halikutengenezwa na mtu aliyewahi kumwona mama mjamzito. Mimi nikaketi naye, Mbuvi akaketi mbele na baba yake.

Tulipofika barabara ya lami Mbuvi alisema, "Baba, kanyaga!"

"Injini ni changa," akasema Ndululu.

"Na mtoto je, baba?"

"Mtoto naye ni mchanga. Tuwapeleke wote wawili polepole."

Malori yalitupita. Basi lilitupita, na abiria wakatuonyesha vidole. Kalondu alikuwa ameushika mkono wangu na sikuweza kuutoa. Nilimwita mume wangu kwa jina lake kamili, lile la kuzaliwa, ambalo sikuwa nimelitumia tangu aliponiposa. Alikanyaga kidogo. Nikashukuru. Kisha kwenye ule mlima wa kabla ya mji mdogo wa Salama akasema injini imepata joto, akaegesha kando, akaizima ili ipoe.

Kalondu akanishika shingo. "Mama, huyu hangoji injini!"

Niliwafukuza wanaume. Sijui nilitoa wapi ile sauti. Nilikikunja kile kiti cha mbele kikalala, Kalondu akakanyagia dashibodi yenu, na mimi nikiwa nimepiga magoti mahali ambapo hata mbuzi angelalamika, nikampokea mjukuu wangu. Alikuwa kimya. Hapo, Bwana Meneja, sikukumbuka gari wala maili. Nilimpangusa mdomo kwa kitambaa changu cha kichwa, nikampulizia, nikamsugua mgongo. Nje nilimsikia Ndululu akiomba kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anasikiwa. Kisha mtoto akapiga kelele, na Mbuvi akakaa chini kwenye changarawe.

Ni mvulana. Tumemwita Mwanzia, kwa kuwa alizaliwa njiani. Tulipoendelea na safari, mume wangu alienda polepole zaidi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema uzito umeongezeka. Na hospitalini, badala ya kumkemea, muuguzi alimsifu kwamba angeendesha kwa fujo tungempoteza mama. Sifa hizo zimefika soko zima, na mimi ndiye ninayeishi nazo.

7. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri, na kufikiri kwenyewe kumeniletea lalamiko la mwisho. Mimi pia nilipoingia nyumbani kwa Ndululu nilikuwa mpya. Kesho yake nilipewa mtungi nikaenda mtoni, na jioni nikabeba kuni. Nilipanda na mizigo hiyo milima kama ile ambako injini yenu hupumzishwa. Hakuna kijana mwenye tai aliyesimama mlangoni akamwambia, "Mzee, huyu bado ni mchanga, usimpakie mzigo mzito, usimkanyage hadi chini, akipata joto egesha kando apoe." Kama maneno hayo mlikuwa nayo, mliyaweka wapi miaka yote hiyo? Je, mlikuwa mnawapa wenye magari tu?

Kwa hivyo naomba, kwa adabu, mambo mawili. Kwanza, mwandikieni mume wangu barua yenye mhuri mkisema kwamba injini imekomaa na anaweza kuikanyaga kama watu wengine. Pili, huyo kijana wenu aache kuuza magari na atumwe makanisani, awe anasimama mlangoni kila harusi inapofungwa.

Nisalimie mke wako na watoto, na wote wanaofagia na kung'arisha hapo dukani. Askari wenu wa langoni, aliyemsaidia mume wangu kurudi nyuma, mwambie Ndululu hajarudi nyuma tena tangu siku ile. Huyo mwenye tai msalimie pia, lakini kwa mbali. Kalondu na Mwanzia hawajambo, wanakusalimu. Mama yangu hakusalimu.

Niko hapa Kasikeu, nikingoja jibu kwa subira niliyofundishwa na gari lenu,

Mutindi, mke wa Ndululu.

N.B. Barua hii ilikuwa bado inangoja mtu wa kwenda posta, na maili elfu zikaisha. Ijumaa Ndululu aliipangusa injini kwa mkono, akaniambia nipande, akakanyaga. Tulikwenda hadi Kabati kwa shemeji yake na tukarudi, na sikuona mti hata mmoja vizuri. Ni gari zuri sana. Hakusema neno, kwenda wala kurudi.

Nimekumbuka jambo ambalo sikuandika hapo juu. Katika zile safari za polepole, kwa kuwa hakukuwa na lingine la kufanya, mume wangu alikuwa anaongea. Siku moja aliniambia kwamba alipokuwa kijana akifanya kazi ya reli kule Mtito Andei, alisikia simba nje ya hema, akalia akimwita mama yake, na wenzake hawakumcheka kwa sababu nao walikuwa wanalia. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba Ndululu anaweza kulia. Siku nyingine aliniuliza mimi naogopa nini. Nilikuwa katikati ya kujibu tulipofika nyumbani.

Basi msimwandikie kama nilivyoomba. Mwandikieni kwamba hesabu ilikosewa, si maili elfu moja, ni elfu ishirini. Akiuliza sababu, mwambieni ni mambo ya kitaalamu. Hayo huwa habishani nayo.