Springi za Trela Zilizopungua Sentimita Kumi

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za mtu ambaye, bila kujisifu, boti za mji huu zisingejua maji kama si yeye. Ulizia Mjomba Nahodha gatini, utaletwa mpaka mlangoni. Ulizia ng'ambo, watakuonyesha nyumba yangu kwa kidole, na kidole hakitakosea. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Jumamosi boti yetu ya familia inashushwa majini. Miaka kumi na mmoja nimeivuta mimi. Juzi springi ya trela, ile ya mabamba ya chuma yaliyolaliana, ilikatika upande wa kushoto, na shemeji yangu mwenye pikapu mpya ameshaanza kung'arisha ndoano yake ya kuvutia. Trela isipopona, ataivuta yeye, na mimi nitaketi kiti cha nyuma na mablanketi kama mgonjwa. Ndiyo maana malalamiko haya ni mazito.

1. Nilimwambia dada wa kaunta nataka springi ya sentimita sabini na tano, kutoka katikati ya tundu hili hadi katikati ya tundu lile. Akaleta ya sitini na tano, eti ndiyo saizi ya trela kama yangu. Nikamwambia imepungua. Akanijibu mbele za watu, "Mjomba, springi si sabuni, haiishi kwa kukaa." Wateja walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakalia betri.

2. Akauliza kwa nini sikuja na ile iliyokatika wakazilinganisha. Mtu wa hadhi yangu apite barabarani amekumbatia chuma chakavu?

3. Niliomba mabamba tisa. Akasema manne yanatosha, tisa ni ya lori, trela haitanesa na boti itapokea kila shimo mgongoni. Nikamweleza kwa upole kwamba niliwahi kuvuta meli ya abiria kwa baiskeli, abiria wakiwa ndani wanakunywa chai, na hakuna aliyeungua ulimi. Akauliza, "Na hiyo baiskeli ilikuwa na mabamba mangapi?" Hayo ni maswali ya polisi, si ya dukani.

4. Akataka ninunue mbili wakati iliyokatika ni moja! Eti mpya ikifungwa na iliyochoka, trela itakaa upande kama mtu mwenye jipu. Mke wangu na mimi hatukuanza kuchoka siku moja, na nyumba yetu haijainama.

5. Nilirudi nyumbani nikafanya utafiti. Nilipima mlango, nikapima kitanda, mwisho nikajipima mwenyewe. Ndugu Meneja, nimezidi urefu ulioandikwa kwenye kitambulisho changu kwa sentimita kumi. Kwa umri huu! Basi iko wazi kwamba vitu vya kwangu vinakua na vya kwako vinasinyaa.

Kwa hiyo naomba rafu zako zote zipimwe upya, kiwanda kiandikiwe barua kali, na dada wa kaunta aniombe radhi kwa maandishi, nakala kwa shemeji.

Nisalimie mhasibu, mlinzi, na yule paka anayelala juu ya matairi. Dada wa kaunta naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, mwenye hadhi na haraka,
Mjomba Nahodha

N.B. Barua nimeshaiandika kwa kalamu ya wino, haifutiki, kwa hiyo ipokee ilivyo. Ila tafadhali niwekee zile za sitini na tano, mabamba manne, zote mbili, shemeji asije akaniwahi. Nitazifuata dada akitoka kwenda kula. Nilipimia futi ya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Mwanzo wa futi hiyo ulichakaa akaukata, siku hizi inaanzia sentimita ya kumi. Nyumba nzima inajua. Mimi nilikuwa sijauliza.