Mate Yangu Hayafungwi Ndani ya Bahasha

Kasongo, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Bwana Prefe, mukubwa wa shule, mutoto wangu,

Nakusalimu wewe na mama wa nyumba yako. Mimi ni Hawa, bibi ya Deborah wa darasa la nane. Shule sikuingia hata kwa dirisha, ndiyo maana anayeandika ni Djuma mushonaji, na nimemukataza kunirekebisha. Ninashitaki somo la mwalimu Gédéon, lile la kukamata wezi na kupima ADN, ile kitu ya ndani ya mate inayosema mutu ni wa nani.

1. Walianza na alama za vidole. Deborah akamwaga unga wa makala juu ya mufuniko wa chungu changu, akapata kidole cha mwizi wa samaki. Kidole ni changu. Sawa, chungu pia ni changu. Lakini kuniuliza mimi, mutu muzima, eti mchana nilikuwa wapi? Na paka, niliyokuwa ninaipiga kwa ajili ya samaki hao, sasa inanitazama kama hakimu.

2. Sasa kila mutoto alete mate yake na ya mukubwa wa nyumbani, kwa pamba, ndani ya bahasha, kuna mugeni anakuja na mashine. Kwetu mate ni ya baraka. Mutoto akienda mutihani, bibi anamutemea kidogo kwenye paji la uso, basi, aende. Hata wewe ulitemewa, usijifanye.

3. Hapa sichekeshi. Deborah alizaliwa na Pélagie, aliyekuja kutafuta dhahabu Lusangi, akapanga chumba kwangu, akafa na homa mutoto hajaota jino. Nimemulea mimi. Tangu hizo bahasha, hali chakula vizuri. Juzi akaniuliza: « Bibi, mashine ikisema mimi si wako, nitalala wapi? » Nimezika mume, Bwana Prefe, sikulia hivyo.

4. Tena mwalimu mwenyewe amekosea. Muhogo wa kwanza wa Deborah nilimutafunia mimi. Kila mutihani nimemutemea. Mate yangu yameingia kwake kwa mudomo na kwa paji la uso, yatatoka wapi? Hasira yake ni yangu, kukoroma kwake ni kwangu, na samaki anaanza kumula kwa kichwa, kama mimi. Mashine ikisema vingine, basi haikulelewa vizuri.

Kwa hiyo somo lifutwe, bahasha zichomwe, na Gédéon afundishe kilimo cha mupunga. Akikataa, atangulize mate ya mama yake.

Nisalimie walimu wote na muzee wa kulinda mulango. Na Gédéon pia, amekonda sana, aje kula kwangu. Samaki iko.

Ni mimi bibi yenu,
Hawa
(Kidole gumba changu ndicho hiki. Mukikilinganisha na kile cha mufuniko, shauri yenu.)

N.B. Deborah asikose pointi. Ndani ya barua kuna bahasha mbili, moja imeandikwa Deborah, ingine Bibi. Pamba zote mbili nimezizungusha ndani ya mudomo wangu. Djuma anasema huo ni udanganyifu. Mimi nimemuita kuandika, sikumuita kufikiri. Mwambie mugeni aanze na sisi, na majibu ayasome kwa sauti, mbele ya darasa lote.