Antena Fupi Mbele ya Msafara

Jumanne, 4 Machi.
Baba mdogo amefariki saa tisa alasiri. Ndiye aliyenilea. Maziko Jumamosi, shambani kwake: kilomita thelathini na nane za mawe na mchanga, mtandao wa simu hakuna hata chembe. Kikao kimeamua magari manne yaongozane, kila moja na redio ya upepo ya kusemezana njiani. Jeneza nabeba mimi. Si heshima, ni hesabu: jeneza mita moja na tisini na tano, nyuma ya gari langu mita mbili na kumi. Nikasema mbeba jeneza ndiye anayetangulia. Shemeji, mume wa dada, akauliza kama redio ninayo. Ninayo! (Kufikia Jumamosi.)

Jumatano, 5 Machi.
Nimenunua redio na antena ya sentimita sitini. Ya shemeji ni mita moja na nusu, inayumba juu ya paa kama fimbo ya mvuvi. Ya nini? Fundi redio anataka yangu pia ikae paani. Mlango wa banda langu unabakiza sentimita saba juu ya gari! Nimeifunga kwenye bampa la mbele, ionekane. Akaniambia basi nikwangue rangi chini ya kitako chake, chuma kiguse chuma. Rangi niliyopiga mwezi jana? Nimeweka mpira.

Alhamisi, 6 Machi.
Fundi ameniazima mita ya kupima mawimbi yanayorudi redioni badala ya kwenda hewani. Moja na nusu ni afya. Ikipita tatu, redio inajiunguza. Nimepima bandani, chini ya mabati, milango ya gari wazi. Chaneli ya kwanza 3.4, ya arobaini 2.6. Namba kubwa dawa yake kupunguza. Nimekata sentimita mbili. 3.9! Nimekata mbili tena. 4.6. Antena kaidi.
Nimempigia fundi. Akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama namba ya chaneli ya kwanza ndiyo iliyokuwa kubwa. Ndiyo. Akasema basi ilikuwa fupi tangu mwanzo, ilitaka kuongezwa, na tena hupimwa uwanjani, milango imefungwa. Nani anaongeza chuma kilichokwisha katwa? Nimemrudishia mita yake. Bila mita, hakuna tatizo.

Ijumaa, 7 Machi.
Jaribio. Shemeji kaegesha mita kumi na mbili kutoka kwangu. Kanisikia vizuri kabisa. Dada akasema hata yeye kasikia, dirisha lilikuwa wazi. Redio inanuka kama kitu kilichoungua. Ni upya.

Jumamosi, 8 Machi.
Nimetangulia, wengine wakapotelea nyuma ya vumbi langu. Kwenye njia panda nikatangaza: kushoto! Hakuna aliyejibu. Nikachukua kuwa ndiyo. Kilomita sita mbele, mchanga wa mto ukameza magurudumu mpaka ekseli. Saa nne na nusu asubuhi. Mimi na baba mdogo.
Kumbe redio inasikia, haisemi. Kwa muda wa saa tano na dakika arobaini nimewasikiliza. Shemeji akiuliza jamani, huyu bwana kaenda wapi na marehemu? Watu mia mbili juani, kaburi liko wazi. Mjomba akasema hata kufiwa na huyu ni kazi. Nikajibu mara sitini na moja. Nikachimba mchanga kwa sufuria.
Halafu dada. Analia. Akasema marehemu siku ya mwisho aliniulizia, akaagiza mimi ndiye nimshushe kaburini. Akasema kaka, kama unanisikia jibu basi, hata neno moja. Nimebonyeza kitufe mpaka kidole kikafa ganzi.
Trekta limetukuta saa kumi na dakika kumi. Nimeshika kamba kaburini. Viganja malengelenge matupu. Ikaniponyoka. Shemeji akaidaka. Yeye ndiye aliyemshusha.

Jumatatu, 10 Machi.
Fundi kafungua redio: transista ya kurushia mawimbi imeungua, nyeusi ti. Kairudia risala yake: antena ndefu, paani, kwangua rangi. Nimepiga hesabu upya. Kosa ni mpira, ulikuwa mwembamba. Nimeweka miwili. Nimenunua redio nyingine. Antena nimeipunguza sentimita moja na nusu tu, kwa usalama.
Jumapili tunapeleka jiwe la kaburi. Kilo mia na arobaini. Gari langu ndilo linaloliweza. Nimewaambia wote kikaoni kwamba natangulia mimi. Hakuna aliyejibu.
Nimechukua kuwa ndiyo.