Mapungufu ya Jemedari Radi

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, mliokwisha kupanda na mnaosubiri kupanda. Baba Paroko na Mchungaji wetu, ambao nimewataja kwa pumzi moja ili lisizuke neno. Wazee wetu mlioteremka kutoka Kibosho, Kilema na Marangu, shikamooni. Akina mama wa soko la Pasua. Vijana mlioajiriwa, mliojiajiri na mnaoendelea kutafakari. Wanahabari, kama mmefika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mbuzi analia nyuma ya mkutano.)

Mimi, Yoramu Elimringi, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Burudani za Kisasa, Vijana na Mambo Yanayofanana na Hayo, ninayo furaha isiyo na kifani kusimama mbele ya pazia hili la buluu, ambalo nyuma yake mtashuhudia hivi punde Kituo cha Kisasa cha Gemu za Televisheni, chenye kapasiti, chenye mikakati, na chenye choo. (Vigelegele. Sauti: “Lifunue basi!”) Subira, ndugu yangu. Kituo hakikimbii.

Kabla ya kufunua, naomba niwaeleze tulikotoka, kwa kuwa taifa lisilojua lilikotoka haliwezi kupewa semina.

Mtakumbuka kwamba baada ya milango ya biashara kufunguliwa, nguo za mitumba zilianza kuingia kwa marobota. Mama Lucky, yaani Monica, huyu mliyemzoea hapa sokoni, alifungua robota moja la makoti na ndani yake, katikati ya sweta lililofumwa kwa mkono, akakuta mashine ya gemu, vishikio viwili na kaseti moja yenye picha ya mtu wa misuli aliyevaa joho jekundu. Mtu huyo anaitwa Jemedari Radi. Mama Lucky angeweza kuitupa. Badala yake aliiunganisha na televisheni yake, akapanga mabenchi katika chumba cha uani, na kwa kiingilio ambacho hata mpiga debe anakimudu, vijana wakaanza kujaa humo kila Jumamosi. Huo, ndugu wananchi, ndio ubunifu, na ubunifu ukiachwa bila mratibu unaweza kuleta madhara. (Minong’ono.)

Madhara yakaja. Kijana Martin, fundi wa kunyoosha bodi za magari, alinijia ofisini akalalamika kwamba shujaa huyo ana kasoro. Nilimwambia, “Martin, kasoro iko kwa mtumiaji. Mtu anayeruka angani hawezi kuwa na kasoro.” Akanijibu, “Mzee, njoo ujionee.” Nikaenda. Nilikwenda na suti yangu ya kijivu na shemeji yangu kama shahidi, chumba kikasimama, nikapewa benchi la mbele, na nikawatangazia wote kwamba gemu hilo nitalimaliza kabla ya chai. (Kicheko kirefu.)

Nashukuru kwa furaha yenu. Kaseti ilikataa kuwaka, ikabidi ichomolewe na kupulizwa, zoezi ambalo nililiongoza mimi mwenyewe. Ilipowaka, nikamwona Jemedari Radi amesimama katika mji usio na watu, wenye nyumba zilezile zinazojirudia kama hotuba za wapinzani wangu. Nikabonyeza. Akachuchumaa. Martin akasema, “Mzee, ruka!” Nikasema, “Si ndiyo naruka?” Akasema, “Umekaa!” Nikabonyeza tena, shujaa akaruka hatua moja, akatua katika dimbwi ambalo bata wa Mama Lucky angevuka bila kulowa tumbo, akazama akafa. Mara ya pili nikalikwepa dimbwi. Akaja njiwa. Risasi, ndugu zangu, hazimdhuru mtu huyu. Mabomu anayapokea kifuani. Lakini njiwa alimgusa bega tu, na Jemedari akaanguka chali na joho lake. (Kicheko. Mama mmoja anapangusa macho kwa kanga.)

Mlicheka siku ile kama mnavyocheka sasa, na nawahakikishia kwamba sikukasirika. Ni kwa maslahi mapana ya umma kwamba palepale niliichomoa mashine ukutani, nikaifunga kwa koti langu, nikatangaza Kamati Teule ya Kuchunguza Mapungufu ya Jemedari Radi, na nikaondoka na kielelezo. Mama Lucky aliniuliza mlangoni, “Mzee, utairudisha lini?” Nikamjibu, “Proseso ikikamilika.” Akasema, “Huyo Proseso anakaa wapi nimfuate?” (Makofi mazito. Mama Lucky, aliyesimama kando na furushi la mitumba kichwani, hacheki.)

Kamati ilikaa sebuleni kwangu tangu Pasaka mpaka masika ikaisha. Wajumbe walikuwa mimi na shemeji, na kwa takwimu nilizonazo, mahudhurio yalivuka asilimia mia. Tuligundua mengi. Tuligundua kwamba Jemedari akimkamata mwizi na kumfikisha kituoni, akirudi mtaani anamkuta mwizi yuleyule kwenye kona ileile, jambo ambalo shemeji alisema si kasoro bali ni uhalisia. Tuligundua kwamba umeme ukikatika, na mnajua mgao ulivyokuwa, kazi yote ya jioni inapotea na shujaa anarudi mwanzo, kwani waliomtengeneza hawakumpa mahali pa kutunza kumbukumbu. Na kuna mwanamke amesimama juu ya paa, nyumba inaungua, anapunga mkono. Jemedari amepewa nguvu zote hizo kwa ajili yake. Lakini akimkaribia tu, anamsukuma. Nimejaribu kutokea kushoto, nimejaribu kutokea juu, nimejaribu polepole kama mtu anayembembeleza ndama. Kila mara anamsukuma, na mama wa watu anaanguka. Siku moja niliweka kishikio chini nikakaa tu, nikalitazama lile paa. Nasema haya kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano.

Sasa, yapo maneno ya mitaani kwamba katika kipindi hicho Mama Lucky alifunga chumba, akarudi kuzunguka na nguo kichwani, Himo siku ya gulio na Holili siku nyingine, na kwamba binti yake Lucky alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yamekosa mtazamo chanya, maana kutembea ni afya na Himo kuna hewa nzuri. (Sauti: “Aibu!” Sauti nyingine: “Mae! Huyu mtu!”) Tulieni, tafadhali.

Ni kweli pia kwamba alifika nyumbani kwangu mara kwa mara, na mara ya mwisho alinikuta nimelala kifudifudi mkekani nikiwa katikati ya majukumu. Mke wangu Beatrice akamwambia, mbele yangu, “Ingia, Mama Lucky. Chukua mashine yako, tafadhali, unisaidie. Mwanaume huyu hajawakatia ng’ombe majani wiki nzima, na usingizini anamfukuza njiwa.” Nikamwambia mke wangu kwamba kielelezo hakiwezi kuondoka kabla ya ripoti. Mama Lucky hakugombana. Alisema tu, “Sawa, mzee. Mtoto yuko nyumbani, basi,” akaondoka. Ndipo nilipotamka, nikiwa bado nimelala, kwamba Serikali itamjengea yeye na Pasua nzima kituo kikubwa kuliko chumba chake, chenye mashine kumi na mashujaa wasioogopa maji. Na leo ndiyo leo! (Makofi machache. Mkewe, Beatrice, anainuka kutoka viti vya wageni rasmi akiwa na kitu kilichofungwa kwa kanga.)

Mke wangu, kaa kwanza, bado sijafika kwenye mapendekezo.

(Beatrice anapita katikati ya watu, anamshusha Mama Lucky furushi la mitumba na kumpa kile kilichofungwa. Anasikika akisema: “Ni nzima. Nimeipangusa vumbi. Samahani sana, dada yangu.” Mama Lucky anafungua pembe ya kanga, anachungulia, anaifunga tena na kuikumbatia. “Asante, Mama. Lucky atasoma.” Shangwe kubwa. Watu wanaanza kuondoka kumfuata.)

Ndugu wananchi, hilo lilikuwa kwenye ratiba! Urejeshaji wa kielelezo ulikuwa kipengele cha saba! Rudini, tunafunua sasa! Pasua na teknolojia, oyee! (Kimya.) Jembe mkono huu, kishikio mkono ule! (Mbuzi anapita mbele ya jukwaa.) Vijana ni taifa la kesho, na kituo ni cha keshokutwa! Lifunueni pazia!

(Pazia linaanguka. Nyuma yake kuna shamba la mahindi yaliyofika magotini.)

Kwa kumalizia, naomba nitoe shukrani za dhati kwa mafundi, ambao wangefanya kazi nzuri sana laiti wangetafutwa. Kwa wafadhili, ambao barua ya kuwaomba naendelea kuifikiria. Kwa mwenye turubai, ambalo nililiita pazia. Na kwa namna ya pekee kwako wewe, Mzee Sirili, ambaye naona ndiye uliyebaki, kwa kutuazima shamba lako leo ili tupate mahali pa kusimamisha Kituo kimawazo. Mzee, kama hutajali, nishikie upande huu wa turubai tulikunje pamoja.

(Mzee Sirili: “Kunja mwenyewe, mwanangu. Na ukimaliza, pita pembeni. Hapo uliposimama ni juu ya maharage.”)