Yule Mtu Pembeni ya Kiboko

Studio Tabasamu,
Buyenzi, Bujumbura.
19 Juni 1995

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majaji, Mashindano ya Picha za Maumbile ya Nchi za Maziwa.

Mheshimiwa,

Nawatakia amani, ingawa naamini huko mliko mnayo ya kutosha. Sisi tu wazima, kwa kiasi tulichoruhusiwa.

Nimepokea barua yenu inayosema kwamba picha yangu, "Kiboko wa Kajaga", imeondolewa mashindanoni kwa sababu "kuna binadamu katika picha". Mimi ni mpiga picha wa studio kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nusu ya vitambulisho vya Buyenzi vina sura nilizopiga mimi, na hakuna aliyewahi kunirudishia picha kwa kosa la kuwa na binadamu ndani. Kwa heshima zote, yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Kanuni yenu ya nne inataka picha ipigwe kabla ya jua kuchomoza. Huku kwetu kabla ya jua kuchomoza kuna kuvrefe, marufuku ya kutoka nje usiku, na wenye ruhusa ya kutembea saa hizo ni wanajeshi na viboko tu. Kiboko wangu nilimpata saa mbili asubuhi, amechelewa kurudi majini. Mmemkata alama kwa jua kali. Mngemkata yeye aliyechelewa, si mimi.

2. Jaji wenu mmoja amenishauri kwamba safari ijayo nijifiche kimya kwenye majani marefu kwa muda wa saa kadhaa. Namshukuru kwa dhati. Huku wanaojificha kimya kwenye majani marefu wana jina lao, na jina hilo si wapiga picha. Namkaribisha aje anionyeshe inavyofanyika. Nitamsubiri barabarani.

3. Sasa huyo binadamu. Anaitwa Népomuscène, mkazi wa Kinama, mbeba watu na mizigo kwa baiskeli, na ndiye aliyenipeleka Kajaga. Nilimwambia asimame mbali. Kosa ni la mdomo wangu: kwa mazoea ya studio, kabla ya kubonyeza nilipaza sauti, "Tazama hapa, usipepese!" Kiboko hakujali. Népomuscène alifunga kifungo cha shati, akapangusa uso, akaikazia macho kamera, na mimi nikabonyeza. Ni jambo la kufumba na kufumbua, na yeye ni doa dogo tu upande wa kushoto. Mwenye macho ya kawaida humwona kiboko.

4. Na hata kama si doa, naomba Kamati iniambie kwa nini yeye si maumbile. Anaamka na ndege. Anakula kidogo kuliko kiboko na haharibu bustani ya mtu. Akisikia mlio wa bunduki hukimbilia bondeni, kama swala. Kiboko ana sheria inayomlinda: ukimpiga risasi utaulizwa na wakubwa. Kwa hiyo naomba rasmi Népomuscène aandikwe katika orodha ya wanyama wanaolindwa. Hapo picha yangu itakuwa na wanyama wawili, alama zitaongezeka, na yeye atapita vizuizini bila kuguswa. Hili mngelifanya kwa kalamu tu, wala halihitaji bajeti.

5. Ikiwa ombi hilo ni zito, basi chukueni mkasi mkamkate. Nawaruhusu kwa maandishi haya. Kiboko atabaki mzima.

6. Na ikiwa mkasi nao hamna, fuateni kanuni yenu ya kumi na moja: picha zilizoshindwa huchomwa moto mwisho wa mwezi, pamoja na negativu zake mlizotulazimisha kuzileta. Ichomeni. Sitaki kuiona tena. Nimekwisha utangazia mtaa mzima kwamba nimeshinda, na mke wangu Mwanne ameshaalika watu.

Nasalimia Kamati yote, makatibu, mpishi wa chai yenu, na jaji wa majani marefu. Mwanne anawasalimu pia, lakini kwa hasira.

Wenu katika maumbile,
Shakuru Yahaya

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua.

Leo saa nne amekuja studio mama mmoja, Concilie. Ni mke wa Népomuscène. Wamemzika Jumanne, huko Kinama. Picha ya mumewe aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho tu, na kitambulisho kilichukuliwa mfukoni mwa marehemu na waliomuua. Kumbe mumewe alikuwa amemsimulia kwamba amepigwa picha Kajaga, na mpiga picha hasa, tena bila kulipa. Nimemweleza kwamba picha iko kwenu, kwamba ni ya kiboko, na mumewe ni doa tu. Amenijibu: "Kiboko mubaki nayo. Mi munipe mutu yangu."

Mheshimiwa, nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Kamati ilisema kweli. Kuna binadamu katika picha. Msikate, msichome. Mwezi umebakiwa na siku kumi na moja, na barua hii nampa dereva anayeondoka mchana huu. Rudisheni negativu. Kama ni lazima mkate kitu, mkateni kiboko.